Kibao cha Chumba cha Mashine

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitindamimba zima hiyo simu, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki igombanie nafasi na mtu mwingine. Mambo ya nyumba ni mepesi: ni yenu wote watatu, asiuze mtu, na mama yenu akae chumba cha mbele, chenye dirisha, mpaka atakapochoka nacho mwenyewe. Suti yangu mpeni yeyote mwenye kitambi cha kuistahili. Hayo yamekwisha. Nililowaitia ni la ukumbi wa sinema.

Mnajua nilivyojisifu, kwamba nimezunguka nchi nane na gari la sinema, nikaonyesha filamu kwenye ukuta wa gereza na kwenye shuka za hospitali, kisha nikarudi hapa kuendesha mashine katika ukumbi wetu. Kweli tupu, isipokuwa nchi zilikuwa tano. Sasa mji mzima umeamka kuufufua ukumbi ule: seremala katoa mbao, walimu wanapaka rangi kila Jumamosi, akina mama wa vyerehani wanashona pazia pana kuliko nyumba hii, na wewe binti yangu mkubwa, mwenyekiti wao, ukaja kuniambia kwamba mlangoni itawekwa picha yangu na ukumbi utaitwa kwa jina langu. Ulidhani nalia kwa furaha. Haikuwa furaha, mama.

Ukumbi ule niliuunguza mimi.

Usinikatize. Nikikatizwa sitaweza kurudi tena hapa. Chumba changu cha mashine kilikuwa juu, nyuma ya watazamaji, na mwanga ulipita kwenye tundu la ukutani. Juu ya tundu palikuwa na kibao cha chuma kilichoning'inizwa kwa uzi, na uzi ule ulikuwa na maana yake: filamu za zamani zilishika moto upesi, basi moto ukiwaka uzi unaungua, kibao kinashuka, moto unabaki chumbani na mimi, watu wanatoka salama. Lakini joto la mashine liliuchosha, ukawa unakatika ovyo, kibao kinashuka wakati jambazi ndiyo kwanza anavuliwa kofia, na ukumbi mzima unanizomea, "Kipofu, amka huko!" Nami nilipenda kupigiwa makofi kuliko mnavyojua. Nikautoa uzi, nikakifunga kwa waya.

Alasiri moja filamu ilinasa, ikawaka. Waya hauungui. Moto ulipita tunduni kama umealikwa, ukashika dari, ukafika kwenye pazia. Hakufa mtu, nashukuru kila siku, ila watu walikanyagana, na mguu ule wa shangazi yenu haukuvunjikia kwake ngazini kama nilivyowaambia.

Kabla wakaguzi hawajapanda, nilichukua koleo, nikaukata waya, nikakishusha kibao. Wakakikuta kimeshuka. Wakasema basi moto haukutoka kwa huyu, umeanzia ukumbini. Na nani alifunga taa mpya karibu na pazia wiki ile? Fundi umeme. Nami nimesimama pale, koleo mfukoni, natikisa kichwa kwa masikitiko kama hakimu.

Miaka thelathini na sita mji huu umemwita Fundi Kiberiti. Hata mimi nimemwita hivyo, watu wakacheka. Mtu aliyekuwa akifunga umeme mashuleni na viwandani akabaki kutengeneza pasi kibarazani kwake. Mwezi uliopita alikuja ukumbini na mkoba wake, akasema atafunga nyaya bure, nawe binti yangu ukamjibu kwa adabu yako yote, "Mzee wetu, wewe pumzika tu, tumeshapata mtu." Watu wakaguna. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, kwenye kiti cha heshima, nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa makobazi.

Nilikuwa nimepanga myasome haya mkishanizika. Karatasi iko chini ya mto. Lakini tangu alfajiri naona hiyo nayo ni hila, kukiri nikiwa mahali ambapo sizomewi. Basi jina langu lisiwekwe. Mlango usifunguliwe kabla mji haujaambiwa, na uambiwe na wewe, mwenyekiti, hata kama watakuondoa kwenye kiti hicho. Najua ninachokuomba. Umeme afunge yeye, akitaka. Asipotaka msimbembeleze, ana haki.

Mungu awalinde... awape mioyo isiyopenda makofi kama wangu. Mkaribishane. Maji... kidogo tu. Basi.

Asubuhi nilimtuma jirani akamwite. Huyo ndiye anayebisha hodi. Mfungulieni, na asitoke mtu, nataka muwepo. Binti yangu, mpishe hicho kiti.

Fundi. Karibu, ndugu yangu... Hapana, pole usinipe bado. Kaa kwanza.