Inés Carhua na Shamba la Mama Zake

Ndugu na jamaa, majirani wa mtaa wa juu na wa chini, nanyi mlioshuka kutoka malishoni tangu alfajiri, familia imenituma mimi, Martín Poma, niwasomee maisha ya shangazi yetu, Inés Carhua, na naomba mnivumilie sauti ikipanda, kwani mengine hayasomeki kwa upole.

Kitabu cha kanisa kinasema marehemu alizaliwa Ichupata tarehe 21 Januari 1558, ingawa hiyo ni siku ya mtakatifu ambaye padri alimpa jina lake; kwa kweli mama yake alimzaa wakati wa kuvuna viazi, miezi kadhaa baadaye. Alikuwa binti pekee wa mama yake, Asto Chumbi, na kwetu binti hurithi kwa mama na mwana kwa baba, hivyo shamba la mahindi la Sarapata, lenye matuta saba ya mawe, lilikuwa la mama yake, kabla yake la bibi yake, na hakuna mwanamume aliyewahi kuulizwa.

Mwezi Agosti 1573 askari wa Wahispania walichoma mapaa yote ya Ichupata, wakatuswaga hadi hapa Santa Lucía, penye barabara zilizonyooka na milango inayotazama njiani ili padri aone tunakula nini. Karani alipofika na daftari lake, Asto akamwambia, "Sarapata ni langu." Karani akauliza, "Mama, mumeo anaitwa nani?" akaandika la mume.

Shule haikuwa ya watu kama shangazi, ile ya padri ilichukua wana wa wakuu tu, lakini mwaka 1574 alipelekwa kwa zamu kutumika jikoni kwa hakimu wa wilaya, na huko, akimenya viazi vya watu, alijifunza Kihispania chote pasipo mtu kushtuka, kwa sababu walizungumza mbele yake kana kwamba wako mbele ya kuku.

Tarehe 3 Mei 1578 alifunga ndoa na Lope Yauri, na karani akalihamishia shamba kwenye jina la Lope. Walijaliwa watoto wanne, ndui ya mwaka 1589 ikachukua watatu, akabaki Juana. Mwaka 1595 Lope alipelekwa zamu ya machimbo ya zebaki, mwanamume aliyebeba jiwe la kusagia begani akiimba, wakamrudisha baada ya miezi minne, meno yamemtoka, mikono ikimtetemeka hata kikombe cha chicha, pombe ya mahindi, akanyweshwa, na tarehe 9 Septemba akafariki.

Hata nguo za msiba hazijavuliwa, alikuja Mhispania aitwaye Gaspar de Olmedilla na karatasi, kwamba mwenye Sarapata amekufa bila mtoto wa kiume, shamba halina mtu, naye amelinunua. Shangazi alikwenda barazani tarehe 14 Februari 1597, akasema kwa lugha yetu, "Shamba ni la mama yangu, bwana huyu amelichukua." Mkalimani, aliyekuwa ametoka kula kwa Don Gaspar, akamgeukia hakimu, "Mjane anasema shamba lilikuwa la mumewe, anaomba blanketi tu." Shangazi akamkatiza kwa Kihispania chake cha jikoni, "Sikusema hivyo, mwongo wee! Blanketi kajifunike mwenyewe!"

Baraza lilicheka, hakimu hakucheka, alisema mwanamke mwenyeji hana sauti pale bila mwanamume wa kumsimamia, akaamuru anyolewe kwa kumtukana mtumishi wa mfalme, na wakamnyoa uwanjani mbele ya kanisa, sisi tukitazama. Nauliza leo, aliyedanganya alikuwa nani, na aliyenyolewa alikuwa nani?

Tangu hapo kazi yake ilikuwa kufuma nguo za kodi, ambayo kwa sheria yao wenyewe wajane hawadaiwi, na kusimama nyuma ya kila mwanamke aliyeitwa barazani, akimnong'oneza, "Amekugeuzia maneno, sema tena." Na kila msimu alipanda mahindi kwenye tuta la juu la Sarapata, na kila msimu msimamizi wa Don Gaspar akayang'oa, miaka kumi na mitano.

Tarehe 6 Juni 1612 mkaguzi kutoka Lima alirudisha shamba, lakini akaliandika kwa jina la Pedro, mume wa Juana, ati karatasi inataka mwanamume. Shangazi akamwambia mkwewe, "Karatasi ni yako, baba. Matuta si yako." Pedro akacheka, "Mama, nani kasema nayataka? Mimi hata kupalilia naomba ruhusa."

Alianza kuugua kifua Kwaresima ya mwaka huu, 1623, na amefariki juzi, tarehe 18 Juni, mikononi mwa Juana. Aliomba azikwe Ichupata karibu na mama yake, padri amekataa, ndiyo maana tumesimama hapa.

Familia inamshukuru Mama Catalina aliyemtibu kwa majani yake, majirani mliopika na kuchota maji, na wafumaji wenzake mliomuuguza kwa zamu.

Pedro ameomba niyasome haya akiwa amesimama, mtazameni. Anasema mbele yenu nyote kwamba Sarapata ni la Juana, na baada ya Juana ni la binti zake, Leonor na Lucía, na karani akija kuuliza jina la mwanamume, kila mmoja wenu amjibu kwamba alikuwapo hapa na alisikia.

Pumzika kwa amani, shangazi. Mwezi wa nane Juana anapanda, kuanzia tuta la juu.