Harusi ya Fartun na Dirisha la Mohamednoor

Pale Garsen, mkabala na mahali magari yanapojipanga kusubiri eskoti ya polisi ya kwenda Lamu, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili ya mchanga, ukuta wa studio ya picha ukiwa ndio mgongo wake. Wenyewe ni watu watatu. Kuna Duba, mchuuzi wa ng'ombe, aitwaye Bibisi kwa kuwa habari zote za dunia humfikia yeye kwanza, na zisipomfikia huzitunga. Kuna Kaviha, mkulima wa kijiji cha Wema, aliyepewa jina la Injinia siku alipofunga pampu ya maji kwa ukanda wa kandambili ikafanya kazi. Na kuna Sadik, muuza kahawa, ambaye hajapewa jina lolote la utani, maana ndiye mwenye birika. Mwenye studio, Swaleh, mtu wa Kipini, kwa kawaida huketi nao. Lakini siku hiyo, katika mwaka wa tisini na tisa, Swaleh hakuwa na hamu ya kahawa. Alikuwa ameitoa kompyuta yake hadi mlangoni kwa sababu ya joto la mabati, akaivua ubavu mmoja, akaielekezea feni, na tangu saa mbili asubuhi alikuwa akiikodolea macho kama mtu anayechunga maziwa yasifurike.

— Imefika wapi? akauliza Duba.

— Arobaini na nne.

— Arobaini na nne nini?

— Asilimia, Bibisi. Ikifika mia, harusi imekamilika.

— Kwetu sisi kwenye arobaini na nne bado tunabishania mahari.

Swaleh hakucheka. Alichokuwa akikijaribu kilikuwa toleo jipya la ile programu yake ya kuhariri video. Muuza kompyuta mmoja wa Mombasa alimpa CD kabla haijaanza kuuzwa, akamwambia aitumie kwa kazi zake za kila siku na kumwandikia kila mahali itakapokwama. Toleo la zamani Swaleh alilijua. Ukilipatia kazi kubwa, lilikwenda vizuri mpaka sitini na moja, hapo likaganda, na mwenyewe ukaanza upya. Harusi ya Fartun lilikuwa limeigandisha mara tatu. Miezi mitatu ilikuwa imepita, na kule nyumbani kwa bibi harusi walishaanza kunong'ona kwamba Swaleh ameipoteza kanda.

Na harusi yenyewe haikuwa ya kuunganisha vipande tu. Baba yake Fartun alikwisha fariki. Aliyestahili kusimama kama walii wa kumwozesha alikuwa kaka yake, Mohamednoor, lakini Mohamednoor yuko Jeddah, mwaka wa saba huu, kwa makaratasi ambayo akiondoka kuja nyumbani hayatamrudisha tena kule kazini. Ami yake ndiye aliyesimama. Baadaye kaka mtu alituma kanda kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja. Ndani yake ameketi kitini, kanzu imepigwa pasi, anamwombea dua dada yake. Mama yao, Mama Maryan, akaileta kanda hiyo studio na kusema neno moja tu: "Mtie harusini." Na sasa ilikuwa imebaki siku moja: kesho asubuhi Fartun angeondoka na mumewe kwenda Garissa, na alitaka kuibeba kanda iliyokamilika.

— Sasa nieleze, Swaleh, akasema Sadik, akigonga vikombe. Huyu atatiwaje na harusi imekwisha?

— Toleo hili linaweza kuweka picha juu ya picha. Harusi inaendelea, na kona moja linafunguka dirisha dogo, yeye yuko ndani anazungumza. Na sauti pia ziko mbili. Akianza kusema, ngoma inashuka. Akinyamaza, inapanda.

— Inajuaje kwamba ameanza kusema?

— Nimeionyesha mimi.

— Huyo hakuelewa, akaingilia Kaviha. Nisikilizeni mimi. Picha ni kama maji. Toleo la zamani lilikuwa na bomba moja. Ukitaka kupitisha mito miwili ndani yake, linaziba. Hili jipya lina mabomba mawili. Kwisha.

Swaleh aligeuka akamtazama kwa mshangao.

— Injinia, hapo umesema kweli tupu.

Sifa hiyo ilimuuma Duba. Alijivuta mbele ya ubao.

— Mabomba gani! Watu wa Wema kila kitu ni maji kwenu. Hii inatumia ile antena ya Swaleh pale juu. Inapeleka picha Jeddah, inamuuliza Mohamednoor, je, unakubali kutiwa harusini? Yeye anajibu. Ndiyo maana inachukua saa nyingi. Jeddah ni mbali.

— Antena ile ni ya redio, Bibisi.

— Ndiyo waliyokwambia.

— Na kama yuko kazini? Sadik akauliza.

— Inangoja apumzike. Hujaona imesimama hamsini na mbili dakika zote hizi?

Walicheka, kisha wakaisogelea skrini, kwa maana kweli ilikuwa imesimama hamsini na mbili. Ikapiga hamsini na tatu. Wote wakashusha pumzi.

— Wallahi, hii mashine ina adabu, akasema Sadik. Ya zamani ilikuwa ikinguruma kama lori. Hii inafanya kazi kimya.

— Hebu niambie jambo moja, Swaleh ndugu yangu, Duba akashusha sauti. Nikikuletea kanda ya ng'ombe wangu kumi, inaweza kuniwekea arobaini?

— Kwenye picha, inaweza kukurudia hao hao mara nne.

— Basi! Mnunuzi wa Mombasa namtumia kanda.

— Na akija mwenyewe na lori? akauliza Kaviha.

— Nitamwambia thelathini wamekwenda kunywa maji.

Ilikuwa imefika hamsini na nane jenereta ilipokohoa. Swaleh aliinuka kama aliyechomwa. Alizunguka nyuma ya studio, akarudi uso umembadilika.

— Petroli inakwisha. Nilipima ya saa nne. Sikujua dirisha lile litaichelewesha hivi.

— Zima, tutafute, uwashe tena, akasema Sadik.

— Nikizima inaanza sifuri. Na mpaka petroli ipatikane, itamaliza kesho alasiri. Fartun atakuwa ameshafika Garissa.

Petroli siku hiyo haikuwepo mjini, lori lililokuwa likiileta lilikuwa limekwama Minjila tangu juzi. Swaleh alikiangalia chombo chake, akahisi ile aibu ya miezi mitatu ikimpanda tena shingoni. Safari hii asingeweza hata kuilaumu programu.

Kaviha alikuwa akitazama miguuni mwake. Hapo palikuwa na jerikeni la lita tano, petroli ya pampu aliyohangaika nayo tangu alfajiri. Mahindi yake ya Wema yalikuwa yamekunja majani wiki nzima.

— Chukua nusu, akasema.

— Injinia, na shamba lako?

— Nusu nitamwagilia upande wa chini. Upande wa juu utavumilia mpaka lori litoke. Chukua kabla sijabadili mawazo.

Duba, ambaye kila siku humwambia Kaviha kwamba mahindi ni majani tu ambayo ng'ombe hawajayafikia, alikuwa wa kwanza kulinyanyua jerikeni. Swaleh aliwaongoza nyuma. Jenereta hailishwi ikiwa inanguruma, kila mtu analijua hilo, lakini kuizima kulikuwa ndiko kuipoteza harusi. Aligeuka akapiga ukelele:

— Sadik! Ondoa moto wako!

Sadik alikurupuka. Alikumbatia jiko la mkaa na birika juu yake, akavuka barabara mbio, kahawa ikimrukia kifuani, akaenda kusimama upande wa pili katikati ya mbuzi akiwa ameliinua jiko kama anayeokoa mtoto mafurikoni. Nyuma ya studio Duba alishika mrija, Kaviha akamimina polepole, na Swaleh akalikinga bomba la moshi kwa kipande cha bati ili cheche zisiwafikie. Jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza nusu ya pumzi, kisha ikashika mwendo.

Walirudi mbio mlangoni. Sitini.

— Hapa ndipo, Swaleh akanong'ona. Hapa hapa.

Sitini na moja. Duba aliacha kupumua. Kaviha alishika kifuniko cha jerikeni kwa mikono miwili. Sadik, ng'ambo ya barabara, alipiga kelele kuuliza, wasimjibu. Namba ilikaa. Swaleh aliona kila kitu kilivyokuwa zile mara tatu, skrini ikigeuka bluu, na yeye akitembea hadi nyumba ya Mama Maryan na maneno yale yale.

Sitini na mbili.

— Imepita! Duba akapaza sauti hata dereva mmoja wa lori akatoa kichwa dirishani. Imepita, jamani! Mzungu aliyeitengeneza hii mama yake alimnyonyesha vizuri!

Sadik akarudi na jiko lake, na baada ya hapo ilikwenda bila kusita. Sabini, themanini, tisini na tano. Alasiri ilipofika, Swaleh aliihamisha kazi kwenye kanda, akaigeuza televisheni ielekee kwenye ubao, na Duba mwenyewe akaenda kumwita Mama Maryan.

Alikuja na shungi lake la kijani, akaketi mwisho wa ubao bila kuegemea.

Harusi ikaanza. Wanawake wanapiga ngoma na vigelegele, vumbi linapanda, Fartun anatolewa ndani ameshikwa mikono na shangazi zake. Hapo kona ya kushoto ikafunguka dirisha. Mohamednoor akaonekana na kanzu yake. Swaleh alikuwa amelipima dirisha hilo kwa siku mbili, akilisogeza kidogo kidogo, mpaka macho ya kaka yakaangukia pale dada anapopita. Ngoma ikashuka taratibu, kama waliopiga wamemwona mtu akisimama. Sauti yake ikaja safi: "Fartun, dada yangu, Mungu akufungulie kila mlango." Na kule kwenye picha kubwa, Fartun aliinua uso na kutabasamu.

Sadik alikuwa amemimina kahawa ikajaa kikombe na kumwagika mkononi mwake, asihisi. Duba, kwa mara ya kwanza tangu ubao ule uwekwe, hakuwa na habari ya kutoa.

— Amemsikia, Kaviha akasema polepole. Tazama, amemsikia.

Mama Maryan aliinua kidole kimoja kuelekea kwenye kioo, akakirudisha mapajani.

— Swaleh, akasema, umemweka mahali pake. Mungu akuweke.

Swaleh alichukua rimoti, akaongeza sauti kidogo. Alijua dua ile ilisemwa chumbani Jeddah na tabasamu lile Fartun alimtolea shangazi mmoja aliyejikwaa, na alijua pia kwamba hatawaambia.

Wakati huo alifika Kadii, msichana wa Golbanti aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho. Alisimama nyuma yao akatazama mpaka mwisho, akipiga makofi kidogo kwa furaha.

— Harusi nzuri hii! Na huyo kaka wa pembeni, mbona peke yake?

— Huyo ndiye kaka wa bibi harusi, akamjibu Duba kwa majivuno, kana kwamba kazi ni yake. Yuko Jeddah. Mashine imemleta.

— Aa! Kadii akamgeukia Mama Maryan kwa heshima. Ni mwanao, mama? Na yeye atarudi lini?

Duba alisafisha koo, akaangalia foleni ya magari. Kaviha alifungua kifuniko cha jerikeni, akachungulia ndani, akakifunga. Sadik aligeuza birika juu ya kikombe, halikutoa kitu. Swaleh aliangalia rimoti mkononi mwake, vifungo vyote vile, akakosa pa kubonyeza.

Mama Maryan alijisogeza, akapiga ubao kwa kiganja.

— Keti hapa, mwanangu. Hukuiona mwanzo wake. Swaleh, irudishe.