Historia ya Delfa Bungabong, Aliyeuliza Habari za Mkono

Baba Paroko, ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mliokuja kuona tu atazikwa na nguo gani, nawasalimu nyote. Mimi ni Leonida Bungabong, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, nimepewa na familia kazi ya kusoma historia hii, nikapewa na karatasi iliyokwisha kuandikwa na Baba Mkubwa Anselmo, mwenye ufunguo wa kaburi la ukoo, pamoja na sharti lake kwamba nikitamka jina lingine zaidi ya lile la cheti cha ubatizo, jeneza hili halitaingia katika kaburi hilo. Karatasi yake nimeiacha nyumbani. Hii ninayosoma ni yangu.

Marehemu Dokta Delfa Bungabong, nimeshalitamka, alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1974 hapa hapa Jagna, kisiwani Bohol, akiwa wa pili kati ya watoto watatu wa marehemu Crisanto na marehemu Eufemia Bungabong, akabatizwa kwa jina la Teodulfo. Lugha yetu, mnajua, ina neno yeye moja tu, la mwanamume na la mwanamke, kwa hiyo habari hizi zote zingesomeka mwanzo hadi mwisho bila mtu kugombana na mtu, lakini jina ni jina, na mwenye jina lake alilichagua mwenyewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981, akamaliza sekondari Machi 1991 akiwa wa kwanza kati ya wanafunzi 164, lakini siku ya mahafali walimwekea kinyozi mlangoni, ama anyolewe ama asipande jukwaani, naye akarudi zake nyumbani akala kalamay, ule utamu wetu wa nazi, mpaka meno yakashikana, medali tukaletewa na jirani ndani ya mfuko wa nailoni. Mwaka huo huo alikwenda Cebu kusomea saikolojia, akahitimu mwaka 1995, shahada ya pili mwaka 2000, udaktari mwaka 2009.

Sitaruka tarehe 29 Septemba 1993, sikukuu ya mtakatifu wetu msimamizi, ingawa kwenye karatasi ya Baba Mkubwa haimo. Siku hiyo Delfa alikuja kutoka chuoni na nywele ndefu na gauni la njano, akapanga foleni pamoja nasi kuchukua mikono ya wakubwa na kuigusisha kwenye paji la uso kuomba baraka, kama alivyofanya tangu alipojua kutembea, alipomfikia Baba Mkubwa mkono ukavutwa, ukaingia mfukoni, na mwenye mkono akasema kwa uchangamfu kabisa, "Kaa, mwanangu, kula, nyama ya nguruwe iko tele." Akakaa, akala. Baba Mkubwa, usiangalie sakafu, makosa ya wengine nayo yanakuja.

Kuanzia mwaka 2001 aliajiriwa kufundisha chuoni, na mwaka 2004 alianza utafiti wake juu ya unyanyapaa na afya za watu waliozaliwa wanaume wakaishi kike, ambao sisi tunawaita bayot, neno ambalo ni tusi au utani kutegemea ni nani analitamka na amelewa kiasi gani. Alichukua dodoso lililotungwa nchi za mbali, akalitafsiri neno kwa neno, akawauliza watu 212, washonaji, wasusi, walimu, watangazaji wa mashindano ya urembo, kama wamewahi kubaguliwa, nao karibu wote wakajibu, hapana, sisi tunapendwa, hakuna sherehe bila sisi. Akafurahi, akaandika kwamba kwetu hakuna shida. Hilo ndilo kosa kubwa la kazi yake, na alilisimulia yeye mwenyewe kwa wanafunzi wake kila mwaka bila kujionea huruma.

Aliyemzindua ni Mama Cleofe, msusi wa sokoni, ambaye yupo hapa leo na miaka yake sabini na sita, aliyempigia kelele mbele ya wateja, "We mtoto, umesoma hadi umewasahau wa kwenu? Unatuuliza kama tunabaguliwa, nani atakwambia ndiyo na kesho ana harusi ya kupamba? Uliza mkono! Uliza ni nani kwenu alikunyima mkono!" Delfa akarudi kwa wale wale 212, nyumba kwa nyumba, na swali hilo moja, na watu waliocheka mara ya kwanza wakaomba maji ya kunywa, 131 wakataja mtu, wengi wakataja na tarehe. Kisha akawauliza, ulipougua mara ya mwisho ulikaa siku ngapi kabla ya kwenda hospitali, akakuta walionyimwa mkono walikaa muda karibu mara tatu ya wenzao, kwa sababu, kama alivyoniambia mimi, mtu aliyezoea kukataliwa kwa tabasamu huliogopa kila dirisha lenye karani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, Delfa alitaka kujua nani alimfundisha kuyaficha.

Kuhusu ndoa, karatasi ya Baba Mkubwa inasema marehemu hakujaliwa kuoa. Ni kweli hakuoa. Aliishi miaka kumi na saba, tangu tarehe 2 Februari 2002, na Rustico Lungay, mwoka mikate, mtu ambaye nyote mmekula mikate yake na ambaye asubuhi hii amekalishwa benchi la mwisho karibu na ndoo za maua. Rustico, njoo huku mbele. Tutakusubiri. Kuhusu watoto, karatasi inasema hakuacha mtoto, basi huyu Mirasol, binti wa binamu yetu aliyekwenda kufanya kazi ughaibuni, aliyelelewa na hawa wawili tangu ana miaka minne na mwaka huu anamaliza masomo ya ufamasia, sijui alidondoka kutoka dari gani.

Aprili 2018 marehemu alianza kuumwa tumbo na kutoka damu, akaenda hospitali moja ambayo sitaitaja, ukumbi umejaa, karani akasoma cheti kwa sauti, "Teodulfo! Teodulfo Bungabong!" Delfa aliposimama karani akageukia wenzake, "Jamani, nimeita bwana, mbona anainuka bibi?" Ukumbi ukacheka, si kwa ubaya, kicheko chetu kile kile cha kupendana, naye akacheka pamoja nao, akachukua mkoba wake, akaondoka. Alirudi baada ya miezi minane. Yeye aliyewaandikia wengine kurasa mia tatu juu ya jambo hilo hilo, alituambia anakunywa chai ya tangawizi na anaendelea vizuri. Nilimkasirikia, bado nimemkasirikia, na nimejikasirikia mimi niliyeamini chai ya tangawizi. Januari 2019 iligundulika saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa, na Jumanne tarehe 28 Mei, saa kumi na moja alfajiri, akafariki nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, Rustico akiwa amemshika kichwa.

Tunamshukuru daktari aliyemtibu mwishoni, aliyemuuliza kwanza, "Nikuite nani?" Tunawashukuru walimu wenzake, majirani waliopika siku zote tisa za matanga, na wasusi wa sokoni waliomsuka na kumvika gauni hili la buluu, na waliolilinda jeneza kwa zamu Baba Mkubwa alipoleta shati la kiume na mkasi. Baba Mkubwa naye namshukuru, kwa nyama.

Sasa tangazo la mazishi, nisikilizeni vizuri. Jana Rustico alitoa nafasi aliyokuwa amejiwekea katika makaburi ya mji, na jiwe limekwisha chongwa, Delfa Bungabong, 1974 hadi 2019. Tukitoka kanisani jeneza litapinda kulia. Shimo lililotengwa katika kaburi la ukoo huko kushoto limefunguliwa tangu asubuhi, limefagiliwa, na halina mtu ndani, kwa hiyo aliyekuja kumzika Teodulfo aende huko akalilie shimo, hatutamzuia. Waliokuja kumzika dada yangu watanifuata mimi.

Delfa, mwana wa Crisanto na Eufemia, mke wa Rustico, mama wa Mirasol, pumzika kwa amani.