Haya Aliyochelewa Kuisema

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutusitiri, familia inawasomea historia ya mpendwa wetu kama alivyoiagiza mwenyewe, bila kupunguza kitu, na mtatuwia radhi tukiona haya kuisoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, na inasemekana alianza kutembea akiwa na miezi tisa, jambo alilotukumbusha yeye mara nyingi kuliko mama yake.

Alianza shule ya msingi Januari 1969, sekondari mwaka 1976, na Septemba 1983 akajiunga na chuo kikuu, ambako alichaguliwa kwenye timu ya wanaume ya mbio za kupokezana vijiti, mita mia kila mmoja, yeye akikimbia wa tatu, kwenye kona, na wa nne akiwa kijana mpole wa uhandisi ambaye leo nyote mnamwita Masikio.

Jina hilo ndilo marehemu alilotaka lielezwe. Anayepokea kijiti hageuki nyuma, anakimbia akitazama mbele, na mkono anaunyoosha akisikia tu neno la anayemletea, na neno la timu yao lilikuwa "haya". Tarehe 31 Agosti 1985, kwenye fainali ya michezo ya kimataifa ya wanafunzi, marehemu alitoka konani timu ikiwa ya pili, akamwona mpinzani wa pembeni anamkaribia, akamkazia macho huyo badala ya mwenzake, na alipogutuka alishamfikia mwenzake, kijiti kikagonga kiwiko kisicho na habari, kikabingirika hadi kwenye nyasi. Kabla hakijatulia, marehemu alishasema kwamba yeye aliita, mwenzake ndiye hakusikia.

Kelele za uwanja zilikuwa nyingi, hivyo wote waliamini, hata mwenyewe aliyesingiziwa aliamini, akaenda kupimwa masikio, daktari akamwambia yako sawasawa, akaenda kwa mwingine.

Marehemu aliajiriwa kuwa mwalimu wa michezo Februari 1987, akastaafu Machi 2022, na wanafunzi wake walifundishwa kuita "haya" mpaka wapishi wa shule wakawa wanapokezana sahani kwa neno hilohilo. Mwaka 1994 Masikio aliomba ukocha shuleni hapo, kamati ikacheka, ikauliza kocha asiyesikia atafundisha nini, na marehemu, aliyekuwa mjumbe, akainamia daftari lake.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na dada yake Masikio, wakajaliwa watoto watatu, na sisi watoto hatukuwa na afadhali, kila tukimpigia simu tulianza na "Mjomba Masikio, unasikia?", naye akacheka, nasi tukakichukua kicheko kile kuwa ruhusa.

Mei 2023 moyo wa marehemu ulianza kuchoka, akawa anapumzika kila baada ya ngazi tatu, akalazwa Desemba, na mchana wa tarehe 9 Januari 2024, mbele yetu sote, alivuta pumzi mara mbili, akamwambia aliyekaa kando ya kitanda, "Shemeji, siku ile sikusema haya."

Mjomba alikuwa anamenya chungwa, akaendelea mpaka ganda likaisha. "Miaka thelathini na minane nasafisha masikio, bwana," akasema, akamwekea mgonjwa chungwa zima mkononi, akaondoka, hakurudi tena wodini, na familia haimlaumu. Marehemu alifariki tarehe 17 Januari, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani walioleta viti na maturubai, na walimu wenzake waliobeba jeneza. Tunamshukuru Mjomba, aliyekaa safu ya mwisho karibu na mlango, ambaye habari za msiba alizipata kwa watu, kwa sababu kila mmoja wetu alishika simu akashindwa aanzeje.

Jina la Masikio linazikwa leo pamoja na mwenye kosa, tunaomba asilifukue mtu.

Haya, Baba, pumzika.