Historia ya Mama Bertille Kabulo, aliyemwaga tangi namba nne

Wazazi wetu, wakristo wenzetu, wafanyakazi na majirani wa Lubuye, familia imenituma mimi Casimir, mudogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na nitayasoma kama alivyoyaishi, bila kuyalainisha.

Mama Bertille Kabulo alizaliwa Niemba tarehe 14 Machi 1979, mutoto wa tatu wa Papa Christophe, mufanyakazi wa reli, na Mama Syntiche, mulimaji wa maharagwe. Alisoma shule ya musingi palepale Niemba, kisha sekondari hapa Kalemie, ambako mwalimu mumoja alimushauri achague ushonaji, naye akachagua kemia na biolojia, akapata diploma ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari, mwaka 1998, musichana peke yake katika darasa lake.

Tarehe 21 Julai 2001 alifunga ndoa na Papa Zacharie, muvuvi aliyetoka kaskazini mwa ziwa, wakajaliwa watoto watatu, Ketsia, Camille na Abigaël.

Mwaka 2016 aliingia kazi katika kiwanda kinachokuza vijidudu vya kurutubisha maharagwe, vile mulimaji anavyopaka kwenye mbegu kabla ya kupanda, na kwa kuwa ni vitu hai vinavyotaka joto lilelile saa zote, wafanyakazi hupokezana zamu tatu. Papa Zacharie alipolalamika kwamba hata siku ya Bwana nyumba inakosa mama, alimujibu, "Baba Ketsia, wadudu hawana Yenga," na kuanzia hapo baba akajifunza kupika bukari.

Alhamisi tarehe 12 Septemba 2019, katika zamu ya muchana, umeme ulikatika kwa muda wa saa nne nzima, na uliporudi Mama Bertille alipima tangi namba nne, akakuta vijidudu vigeni vimeingia na dawa yote imeharibika. Mukubwa wake wa kazi, ambaye malori yalikuwa yanamungoja, akamwambia, "Andika tu dawa iko muzuri, mulimaji hawezi kuona mududu." Akamujibu, "Mududu hatamuona, lakini njala ataiona," akaweka chupa moja ya ushahidi kwenye friji, akafungua robine kwa mukono wake mwenyewe, akamwaga tangi zima kwenye shimo la maji machafu.

Akafukuzwa siku ileile. Asubuhi yake alivaa bluzi yake nyeupe ya kazi, akasimama mbele ya geti saa kumi na mbili kasoro, na kesho yake, na kesho kutwa, siku kumi na moja, mpaka Mama Zuhura, mwenzake wa zamu, na ekipe yote wakakataa kuwasha matangi bila yeye, ndipo wakubwa wa kampuni wakaagiza chupa ile ipimwe, ikaonekana alisema kweli. Alirudishwa kazini, musamaha hakuombwa, naye hakukaa akiungoja.

Mwezi wa Februari 2024 alionekana ana kansa ya titi, akatibiwa hapa na ng'ambo Kigoma, akiendelea na zamu mpaka mukono ulipokataa. Kuna wanaosema wadudu wa kiwanda ndio wamemula: familia inakataa maneno hayo mbele ya sanduku hili, daktari ametueleza, kazi yake haikumuua, ni kansa. Alitutoka Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa tatu asubuhi, mikononi mwa Ketsia, akiwa na miaka arobaini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomutunza, majirani mulioleta kuni na maji na kukaa nasi kwenye matanga, na ninyi wa kiwanda mulioingia hapa moja kwa moja kutoka kazini, hata usingizi hamujapata.

Yaya Bertille, dada yangu mukubwa, pumzika kwa amani, wala usituogopee.