Kinuthia wa Gatimu na Jina la Mamake, Wakiuru

Wachungaji, wazazi, majirani wa Ruring'u, na nyinyi wateja ambao mpaka sasa hamjui mtanyolewa wapi, familia imesema historia ya mzee wetu isomwe yote, hata pale alichekwa, kwa sababu yeye mwenyewe hakuificha.

Kinuthia wa Gatimu alizaliwa tarehe 4 Juni 1966 huko Kamakwa, hapa Nyeri, mtoto wa pekee wa marehemu Gatimu na marehemu Wakiuru, akaanza shule ya msingi 1973, akaingia sekondari 1981, akatoka kidato cha pili babake alipofariki na karo ikakosekana, akaenda Karatina kujifunza kunyoa, na 1991 akafungua kinyozi yake karibu na stadium, ile yenye kioo imepasuka kona na bado sote tunajiangalia ndani yake.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Murugi wa Kingori kutoka Nanyuki, wakapata vijana wawili, Ben, 1996, akaitwa Gatimu kama babu yake, na Ken, 1999, akapewa jina la Kingori, baba ya Mama, halafu wakangoja msichana, kwa sababu mnajua kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya babake, angeitwa Wakiuru, na cucu, nyanya yao Wakiuru mwenyewe, alikuwa anauliza kila Krismasi, lakini msichana hakuja, na tarehe 9 Agosti 2003 cucu akalala bila mtu hata mmoja wa kubeba jina lake, na hiyo kitu ilimkaa mzee kwa roho.

Baada ya mazishi alirudi Kamakwa kukata ua ya kaiyaba ya mamake, ile ya miiba mirefu, akapata ndani kinyonga, kimbu kwa lugha yetu, wa rangi ya kutu, hana pembe hata moja, na wakati sisi wengine tunampiga jiwe ama tunatoroka, kwa sababu wazee walisema ni yeye alichelewa na ile habari kwamba watu hawatakufa, mzee alikaa chini akamwangalia mpaka chai ikapoa. Akawa anaenda kila Jumapili baada ya kanisa, akajua wanakula nini, wanalala kwa tawi gani, na kwa kinyozi mkamtania, "Baba Ben, usininyoe na mkono imeshika kimbu!" naye anajibu, "Kimbu ameoga kukushinda wewe."

Sasa kwa ua hiyo kulikuwa na wengine wa pembe tatu, na mzee, ati asichanganye mambo, kila akipata mwenye pembe anambeba kwa kijiti anampeleka ua ya ng'ambo, mpaka akabaki na wake wasio na pembe, na mwaka wa 2016 akasimama kanisani siku ya shukrani, akasema Mungu amemuonyesha aina ya kinyonga ambayo hakuna mtu anaijua, na ataiita Wakiuru, mbuzi ikachinjwa, ingawa binamu zake walitoka kabla ya nyama, wakisema hakuna mtu mwenye akili anapea kimbu jina la mamake.

Mwaka uliofuata alikuja Daktari Nasirumbi, si wa dawa, wa wanyama, msomi wa chuo kikuu, kwao ni Bungoma, akazunguka ua zote mbili, akamwambia polepole, "Mzee, hawa wako ni mabibi, na wale umetupa ng'ambo ni mabwana zao, umekuwa ukivunja boma za watu," akamwambia arudishe mmoja aone mwenyewe, akarudisha, akaona.

Ben alisema huyo mama daktari anaringa na digrii, lakini mzee alimnyamazisha, akafunga kinyozi, akalala akiangalia ukuta, maana ilikuwa ni kama kumzika mamake mara ya pili, na Jumapili akasimama pale pale kanisani akasema, "Ile kitu niliwaambia haiko, nilikosea, ile mbuzi mlikula ya bure," watu wakacheka, yeye akangoja wamalize ndio akakaa.

Halafu akampigia daktari simu, akamuuliza, hawa wanaenda wapi ua ikikatwa yote mara moja, na daktari akasema hajui, na vitabuni hajaona, basi waanze, yeye akimfundisha kupima bila kuchagua ile kitu anataka kuona, mzee akimfundisha kupata kinyonga mahali msomi anaona majani tu, wakaenda ua kwa ua mpaka Nanyuki, wengine wenu mkiwafungulia mbwa. Mwaka wa 2022 kazi yao ikachapishwa, na wakubwa walipouliza huyu Kinuthia ana digrii gani, daktari akajibu hana, lakini jina lake likiondolewa, na langu liondolewe. Kama siku hizi unakata ua yako upande mmoja na kuacha mwingine ili kinyonga apate pa kuhamia, hiyo ni kazi yake. Lakini jina la Wakiuru halikupata mahali.

Januari 2024 chakula ilianza kumkataa, ikapatikana ni saratani ya koo, akatibiwa Nyeri na Nairobi, sauti ikaisha, akawa anaongea na mkono, na Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, Ken akiwa amemshika, akatuacha, akiwa na miaka 58.

Ijumaa iliyofuata Lynn, bibi ya Ken, alijifungua mtoto wao wa kwanza huko Nanyuki, msichana, na kwa desturi huyo ni Murugi, jina la Mama, haki yake kabisa, lakini Mama alimshika, akasema, "Mimi bado niko, jina langu ninalibeba mwenyewe. Huyu ni Wakiuru."

Tunawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia, majirani mliolala na sisi hizi siku zote, vinyozi wenzake mliofunga kazi leo, na Daktari Nasirumbi, aliyeketi pale na familia, mahali pake.

Baba Ben, habari yako imechelewa njiani kama ile ya kinyonga, lakini imefika, jina limepata mtu. Pumzika kwa amani.