Bwana Shamba Athanas Kobelo na Ua Lisilotaka Maji

Wasifu wa marehemu Athanas Leonard Kobelo (1953–2024), ulioandikwa na familia na kusomwa na mpwa wake Mercy, Matombo, Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu, jamaa na majirani mliopanda huku na matope yake yote, poleni kwa safari. Marehemu aliagiza wasifu wake usiwe mrefu kama risala ya kumkaribisha mgeni rasmi, na usimlize mtu bila sababu. La kwanza tutajitahidi. La pili alilirahisisha mwenyewe, kwa jinsi alivyoondoka akiwa hana deni la moyoni na mtu yeyote.

Marehemu Athanas alizaliwa hapa Matombo tarehe 14 Machi 1953, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Leonard Kobelo na Bi Felista, wote wametangulia mbele ya haki. Alizaliwa katikati ya masika. Siku ya ubatizo mama yake alimpeleka misheni akiwa amefunikwa kwa jani la mgomba, na inasemekana Padri alitania kwamba mtoto huyu amekwisha kubatizwa njiani. Alikulia palipo na mto chini ya nyumba, kijito juu ya nyumba, na ukungu katikati. Ndiyo maana aliamini, hata alipozeeka, kwamba hakuna shida ya mmea isiyotibika kwa ndoo moja ya maji.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1961 hadi 1967, kisha sekondari Morogoro mjini hadi 1971. Likizo zikiisha aliteremka kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani, auze apate nauli na daftari. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha kilimo, akahitimu stashahada mwaka 1974 kwa alama nzuri katika kila somo isipokuwa kilimo cha maeneo makame. Somo hilo, alisema, alilisikiliza kwa adabu tu.

Aliajiriwa kuwa bwana shamba mwaka 1975 na kupangiwa Dumila. Mwaka 1984 alihamishiwa Gairo, na mwaka 1996 Morogoro mjini, ambako alistaafu mwaka 2013. Wakulima wa mahindi na karanga wa Gairo wanamkumbuka kwa baiskeli yake nyekundu na kwa usemi wake wa kila mkutano: "Maji kwanza, maneno baadaye." Alikuwa mkali kwa mvivu, mpole kwa aliyeshindwa, na hakupokea kuku wa mtu kabla hajaona mavuno yake. Kosa lake kubwa kazini alilifanya mapema sana, na alilisimulia mwenyewe mpaka wajukuu wakalijua kwa moyo.

Ilikuwa Septemba 1978, mkutano wa wakulima pale Dumila. Athanas, kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa akifundisha kwamba jani ndilo jiko la mmea: mmea usio na majani haupiki, usipopika hauli, na usipokula hauwezi kuchanua. Akasimama fundi cherehani mmoja, binti wa miaka ishirini aitwaye Eva Chilongola.

"Bwana shamba," alisema, "mama yangu alikuwa na ua mlangoni, kule kwetu mbele ya Gairo. Lilichanua kiangazi, jua kali, halina hata jani moja. Maua yake mekundu ya kupauka, katikati meupe."

Athanas akacheka. "Dada, hilo ni ua la ndotoni."

Mkutano mzima ukaangua kicheko, naye Eva akakaa chini. Athanas aligundua kwamba Eva peke yake ndiye hakucheka. Kesho yake alikwenda kwenye kibaraza cha cherehani kuomba radhi, ndipo akaelezwa yaliyobaki. Mama yake Eva alifariki mwaka 1966, mtoto akiwa na miaka minane, akachukuliwa na mama yake mdogo kuja kulelewa Dumila. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ikawahamisha watu wa kule, nyumba zikabomolewa, na mlango ule haukuwepo tena. Picha ya mama haikuwahi kupigwa. Alichobaki nacho Eva ni kumbukumbu moja tu: mama amesimama mlangoni, mkono kiunoni, kando ya ua lisilo na majani. Na kila aliyemsimulia alimwambia kwamba mtoto wa miaka minane huchanganya mambo.

"Kama ua ni la ndotoni," alimwambia Athanas, "basi na mama niliyemwona hapo ni wa ndotoni. Sina mwingine."

Athanas aliagiza ashonewe shati, halafu la pili, na alipofika shati la tano wazee wa Matombo wakapeleka posa. Walifunga ndoa tarehe 22 Septemba 1979. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wilfred na Yustina mdogo, aliyepewa jina la shangazi yake. Mbele ya wazee wa pande zote mbili bwana arusi aliahidi kumtunza mke wake, na akaongeza ahadi ambayo haimo kwenye kitabu cha ndoa, kwamba atalitafuta ua lile mpaka alilete mlangoni.

Mganga hajigangi. Mtu aliyeotesha migomba, kahawa, na hata zabibu za watu, alishindwa na ua moja. Kwanza hakujua analitafuta lipi. Alileta kichaka cha miiba kutoka Gairo, Eva akatikisa kichwa. Alinunua bustanini ua la rangi ileile, lakini lilikuwa na majani kama mchicha, Eva akacheka kwa mara ya kwanza kuhusu jambo hilo. Mara tatu, katika mwaka 1987, 1991 na 1994, aling'oa kwenye mawe ya nyika mti mfupi wenye kitako kinene kama chungu. Ilikuwa msimu wa mvua na mti umejaa majani, kwa hiyo Eva hakuweza kuutambua. Athanas aliupanda hivyohivyo, akisema labda ndio. Akaupa samadi, akaupa kivuli, akaumwagilia asubuhi na jioni kama mtoto wa Kiluguru aliyelelewa vizuri. Mara zote tatu ulilainika na kuoza kabla ya siku arobaini. Eva alimwambia aache, yameshapita. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani, na kila safari ya barabara ya Dodoma alikaa dirishani.

Mwisho wake hakulipata Gairo wala nyikani. Tarehe 11 Septemba 2018, akiwa mstaafu wa miaka mitano, alikwenda kununua dawa ya wadudu katika duka la pembejeo la Mama Parag mjini Morogoro. Mama Parag, jina lake mwenyewe Rashmi, yupo nasi hapa leo, na tunamshukuru. Athanas aliinua macho kwenye roshani ya juu ya duka, akaliona. Maua mekundu ya kupauka, katikati meupe, juu ya mti usio na hata jani moja. Chini yake kulikuwa na kitako kinene kama chungu.

"Mama Parag, hicho ni kitu gani?"

"Waridi la jangwani, bwana shamba. Marehemu mama mkwe alikuwa nayo mengi. Hulijui? Liko porini kwenu huko huko!"

Athanas alikuwa ameliua kwa mikono yake mara tatu. Hakuchukua dawa wala chenji. Alipanda bodaboda mpaka nyumbani, akamkuta mkewe anachambua mchele, akampeleka dukani vilevile na kanga yake ya jikoni. Eva alipandishwa roshani. Akasimama kando ya ua, akaweka mkono kiunoni bila kujijua.

"Athanas," alisema, "haikuwa ndoto."

"Haikuwa ndoto, Mama Wilfred. Ni mimi niliyekosea."

Ilikuwa imepita miaka arobaini tangu mkutano ule. Walilia wote wawili pale juu, na Mama Parag akalia nao huku hajui analilia nini. Familia inasema wazi kwamba siku ile mzigo uliteremka, na nyumba yetu ikawa nyepesi kuanzia hapo.

Mama Parag alimpa mbegu tano na sharti moja: "Yote uliyosoma, yasahau." Athanas alitoboa ndoo, akaijaza kokoto na mchanga, akaiweka barazani chini ya bati ambapo mvua haifiki. Maji kidogo kila baada ya siku kumi, na masika hata tone. Kwa mtu wa Matombo huo ulikuwa mfungo mkubwa kuliko Kwaresima. Majirani walimwona akisimama mbele ya ndoo na kopo mkononi, akigeuka, akienda kuumwagilia mpapai ili apoze roho. Mbegu tatu zilichipua, mche mmoja ukabaki. Aliutundikia kibao: MARUFUKU KUMWAGILIA. Mwaka ukapita, na mingine, kitako kikanenepa, lakini ua halikuja. Alilotaka sasa ni moja tu, lichanue mlangoni kwa Eva kabla yeye hajaondoka.

Machi 2023 aligundulika na saratani ya tezi dume. Alipokea habari hiyo kwa utulivu, akatumia dawa, akaendelea kukagua ndoo. Tarehe 8 Julai 2024 hali ilibadilika akalazwa hospitali, na Eva akahamia huko kumuuguza. Dada yake marehemu, Bi Yustina, aliteremka kutoka Matombo kuangalia nyumba yao ya Morogoro. Alikiona kibao, akaamini kinahusu bomba, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayekataza ua la mgonjwa lisipewe maji. Akalimwagilia kwa upendo asubuhi na jioni, siku kumi na moja.

Eva alipopitia nyumbani kuchukua nguo, alibonyeza kitako kikabonyea. Mama Parag aliitwa. Wakaung'oa mti, wakakata mizizi iliyooza, wakapaka jivu kwenye kidonda, wakauning'iniza kwa kamba kwenye kenchi ya paa la baraza ukauke. Bi Yustina hakula siku mbili. Mwisho alikwenda hospitali mwenyewe akapiga magoti kando ya kitanda.

"Kaka, nimelinywesha."

Athanas alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kulikoni. "Inuka, dada. Mimi nimeua matatu na nina cheti. Wewe umejeruhi moja tu."

Baada ya siku kumi na sita kidonda kilikuwa kimekauka kikawa kigumu, na mti ukarudishwa mchangani. Tarehe 30 Agosti marehemu aliomba arudishwe nyumbani, na madaktari wakakubali. Kiti chake kiliwekwa barazani. Majani yote yalikuwa yamepukutika, na kila mtu aliogopa kusema analofikiri. Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 2024, Eva alipofungua mlango, ua moja lilikuwa limefunguka. Alimwita. Marehemu aliomba Eva asimame kando ya ua, mkono kiunoni, na Wilfred akapiga picha. Ndiyo iliyo kwenye jalada la nyuma la ratiba mliyoshika.

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024, saa moja asubuhi, kwenye kiti chake, baada ya kupokea sakramenti siku iliyotangulia. Hakuwa na maumivu. Ameacha mjane, Eva, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, Bi Yustina, na wapwa wengi ambao kwa mila zetu ndio wenye kazi ya mazishi leo.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini ua lile halikuletwa lipandwe juu ya kaburi. Aliagiza mwenyewe, na tunasoma kama alivyosema: "Msilipeleke Matombo. Mvua ya kwetu italiua mara ya nne. Nililileta mlangoni kwa Eva, likae mlangoni kwa Eva." Mjane amewaambia wazee wa ukoo wasihangaike kumuuliza kama atarudi kwao. Anabaki Morogoro, nyumbani kwake, na leo asubuhi kabla ya safari alihesabu vitumba vinne vya ua lile.

Maua mengine yote mliyoyaleta, yapandeni hapa na myamwagilie bila hofu. Bwana shamba, lala salama katika udongo wako uliolowa. Huku kwetu hakuna kibao.